Joto likiisha kabisa, muda nao unasimama?

Mleta mada: Wakuu, kijiweni tumebishana mpaka chai imepoa. Jamaa anadai kwenye nyuzi -273.15 za selsiasi, yaani kelvini 0, chembe zote hutulia tuli, na muda ni mabadiliko, basi hapo muda umekufa. Mimi napinga ila hoja zimeniishia.

Fundi friji: Jamaa yako yuko sahihi. Samaki ukimtia kwenye friza haozi, muda wake umepunguzwa mwendo. Shusha mpaka mwisho, unasimama. Wapi tatizo?

Ticha: Fundi, uliyemchelewesha ni bakteria. Weka kipande cha urani, madini yanayotoa mionzi yenyewe, humo humo kwenye friza yako, kitaendelea kutoa mionzi hiyo kwa mwendo ule ule. Kinachochelewesha muda ni kasi kubwa na nguvu ya mvutano, ile inayovuta vitu chini, alishayaeleza Einstein. Baridi haimo.

Halafu hilo la kutulia tuli si kweli. Chukua gesi ya heliamu, ambayo mwanafizikia Kamerlingh Onnes aliifanya kimiminika kule Leiden, Uholanzi, mwaka 1908. Ipoze utakavyo, kwa presha hii ya kawaida haigandi. Mpaka uibane kama mara 25 ya presha ya hewa tunayovuta. Kinachoizuia kuganda ni mtikisiko wa mwisho ambao chembe haiwezi kunyang'anywa, kwa sababu haiwezi kuwa na mahali kamili na mwendo sifuri kwa wakati mmoja.

Mleta mada: Kuna aliyewahi kufika hiyo 0?

Ticha: Hakuna, na hafiki mtu. Unakaribia tu. Mwaka 1995 kule Boulder, Colorado, Marekani, wanafizikia Cornell na Wieman walishusha atomi za metali ya rubidiamu chini ya sehemu moja ya milioni ya kelvini. Zikajikusanya kama kitu kimoja, zikadumu sekunde kadhaa, zikatawanyika. Sekunde, fundi! Na sekunde yenyewe ni mizunguko 9,192,631,770 ya mawimbi yanayotolewa na atomi ya metali ya sesiamu iliyo kwenye kelvini 0. Pale mnapouzika muda ndipo tunapoupimia.

Fundi friji: Ngoja kwanza. Umesema hakuna anayefika 0, sasa mnaupimia wapi?

Ticha: Tunapima kwenye joto lililopo, kisha tunakokotoa na kuondoa kosa linaloletwa na joto hilo.

Fundi friji: Sawa, la chembe nimekubali, na samaki wangu namrudisha kwenye friza. Ila ulimwengu wote ukishuka hadi ngazi ya mwisho, kisibadilike chochote, hiyo mizunguko atabaki nani kuihesabu?