Kazi ya ualimu Silverton, Colorado: nilale huko huko mlimani ama nipange Durango niwe naendesha?

MwalimuShinyalu
Mulembe wote. Nimepata kazi ya kufundisha hesabu mji unaitwa Silverton, jimbo la Colorado, Marekani, naondoka mwezi wa nane. Mji uko mita 2,836 juu, yaani hata Iten iko chini yake, na kaunti nzima ilikuwa na watu 705 kwa sensa ya 2020, hapa kwetu hiyo ni shule moja ya msingi. Nyumba za kupanga ni chache na bei imepanda. Niko na njia mbili. Ya kwanza ni chumba kwa nyumba moja na walimu wawili, natembea dakika tano niko shule. Ya pili nipange Durango, karibu kilomita 80 kushuka, huko kuna supamaketi kubwa, hospitali, chuo, na ningekuwa na nyumba yangu peke yangu kwa pesa karibu sawa. Moyo wangu uko Durango kusema ukweli, mimi nimezoea Kakamega hadi Kisumu na kurudi kila wiki, safari hainisumbui. Lakini theluji sijawahi kuiona na macho. Mlioishi huko naomba mnisaidie kabla sijatuma deposit.

Nakuru_Msafiri
Mwalimu chukua hicho chumba, usifikirie mara mbili. Mimi nimeishi Durango baridi tatu na hiyo barabara ya 550 naijua. Usihesabu kilomita, hesabu milima. Kati ya Durango na Silverton unapanda Coal Bank, mita 3,243, unashuka, halafu unapanda tena Molas, mita 3,325. Sasa fikiria Timboroa saa kumi na moja asubuhi na ukungu, uongeze juu yake kama nusu kilomita, halafu lami yote iwe barafu. Kuna siku nilipanda kufanya kazi ya siku moja, pale Molas upepo ulikuwa unavusha theluji barabarani kama moshi wa kuni, mstari wa njano hauonekani, ukingo wa barabara hauonekani, nikashika taa nyekundu za lori la kusukuma theluji mbele yangu na sikuziacha mpaka chini, mwendo wa baiskeli, mikono imeshika usukani mpaka vidole vikauma. Hiyo ni siku moja. Wewe unataka kufanya hivyo mara mbili kwa siku, kila siku ya shule, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, na watoto wanakungoja darasani?

Na barabara hufungwa. Upande wa pili, kutoka Silverton kwenda Ouray kupitia Red Mountain, ndio mbaya zaidi, Machi 2019 maporomoko ya theluji yaliifunga zaidi ya wiki mbili. Huko juu kuna mnara wa kumbukumbu ya madereva wa malori ya theluji waliofia kazini, na hao ni watu walioijua hiyo njia kama nyumbani.

OmwanaWaBungoma
Si nimesoma kuna treni ya Durango Silverton? Apange Durango apande treni, shida imeisha.

Nakuru_Msafiri
Hapana ndugu, hiyo reli ni ya 1882 na siku hizi ni ya watalii. Wakati wa baridi treni huishia njiani, haifiki Silverton, na hata ingefika nauli yake si ya mtu wa kwenda kazi kila siku. Matatu ya kusimamisha kando ya barabara pia hakuna.

DalaKisumu
Nakubali barabara ni hatari lakini wacha niongee upande mwingine kwa sababu hakuna mtu aliniambia mimi. Nilikaa mji mdogo wa milima Canada, baridi haikunishinda, kilichonishinda ni ukimya. Jua linaenda nyuma ya mlima mapema, unatoka kazi ni giza, duka ni moja, watu ni wale wale, na nyumbani huwezi piga simu ovyo. Colorado wakati wa baridi iko masaa kumi nyuma yetu, kwa hivyo ukimaliza kula saa moja jioni mama Shinyalu ni saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa kwanza nilikuwa nalala na nguo, sioni sababu ya kuamka Jumamosi. Kwa hivyo kama ni Silverton, hao walimu wawili ni muhimu kuliko chumba chenyewe. Waulize kama wanakula pamoja. Nyumba ya peke yako Durango inaonekana tamu saa hii uko kwenu mmejaa, huko kukiwa na theluji siku nne mfululizo utatamani hata mtu wa kukoroma upande wa pili wa ukuta.

MamaWaEldy
Dala amesema kweli kabisa. Nami naongeza ya nyumba. Uliza joto linatoka wapi, gesi, stima ama jiko la kuni, na bili analipa nani, maana chumba cha bei nafuu chenye joto la stima kinaweza kukumaliza kuliko cha bei ya juu chenye bili ndani. Usiku wa baridi kali acha maji ya mfereji yadondoke kidogo kidogo na ufungue milango ya kabati chini ya sinki, bomba likiganda linapasuka. Hakikisha kuna kengele ya ile hewa ya sumu ya moto, kaboni monoksidi. Na tafadhali, hata kama joto limekatika, usiingize jiko la makaa ndani, tumezika watu kwetu kwa hiyo na wao huko madirisha yao hayapitishi hewa hata kidogo.

Urefu huo maji yanachemka kama nyuzi 90, maharagwe hayaivi, beba sufuria ya presha. Unga unaoitwa Masa usinunue wa kupika ugali, ule mahindi yamechemshwa na chokaa, ladha ni nyingine kabisa. Tafuta mweupe wa kawaida.

MwalimuShinyalu
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Kumbe nilikuwa naangalia ramani tu. Nimewaandikia wale walimu, mmoja amejibu hapo hapo, ati wanapika kwa zamu, na Jumamosi barabara ikiwa wazi wanashuka Durango na gari lake la Subaru kununua chakula cha wiki mbili. Bili ya joto iko ndani ya kodi. Naenda na chumba. Sasa nguo, ninunue hapa ama huko?

DalaKisumu
Jaketi nunua soko la Kibuye hapa Kisumu, Jumapili asubuhi, omera usiende mchana. Bonyeza na mkono, ikiwa ya manyoya ya bata inarudi kujaa polepole, ikibaki imelala achana nayo. Angalia zipu na mshono wa kwapa. Vesti za sufu pia utapata, za pamba usibebe, zikilowa jasho zinakugandisha. Boshori, glavu, mafuta ya Arimis mawili ya midomo na mikono. Miwani ya jua ni lazima, theluji inarudisha mwanga machoni. Viatu ndio ningesema nunua huko, gambuti zetu zinakuwa ngumu kama mti.

MamaWaEldy
Viatu hata Kibuye vinapatikana, vile vya theluji vyenye sufu ndani, mimi nilipata. Niko Kisumu wiki hii, Jumapili naweza kukuangalilia. Unavaa ngapi?

MwalimuShinyalu
41 mama.

MamaWaEldy
Nitatafuta 42 basi, soksi nzito inahitaji nafasi, mguu ukibanwa damu haipiti na vidole vinakufa ganzi. Nitakutumia picha kabla sijalipa.