Naomba ushauri: Rouladen bila nguruwe

Wakuu, habari. Naishi Ujerumani, na Jumapili mama mkwe ameniachia jiko nipike Rouladen. Namna yake naijua: vipande vipana vyembamba vya paja la ng'ombe, unapaka haradali, unapanga kitunguu, tango la siki na nguruwe wa moshi, unakunja, unafunga kwa uzi. Unakaanga hadi rangi ikolee, kisha moto mdogo saa moja na nusu hivi.

Tatizo, mama yangu mzazi yupo, katoka Tanga, na nguruwe hagusi. Lakini huyo nguruwe ndiye anayeleta mafuta na chumvi ndani! Niweke bata mzinga wa moshi, au mafuta ya ng'ombe? Na mchuzi (kwangu ndio chakula chenyewe) bila mvinyo, supu ya mifupa inatosha?