Redio ya setilaiti kwenye gari: nimepewa bei tatu ndani ya simu moja, huu ni uhuni

Wakuu salaam. Niko Dallas, Texas, nabeba mizigo na van, nyingi ni ya kupeleka El Paso na kurudi. Naandika nikiwa nimepaki, simu nimekata muda si mrefu na hasira bado haijashuka, kwa hiyo nikirefusha mnivumilie.

Hii van nimeinunua ikiwa imeshatumika, na ikaja na redio ya setilaiti, ile ya kulipia ambayo chaneli zake zinatoka angani, tayari imewashwa, miezi mitatu bure. Zimebaki siku tisa. Kwenye sanduku la barua nimekuta bahasha mbili ndani ya wiki moja, simu zinaingia mpaka nikiwa nashusha mzigo, ndo nikaamua leo nipige mwenyewe nijue moja, nalipia au naachana nayo.

Nikamuuliza dada wa huduma swali moja tu, kwa mwezi ni dola ngapi. Akaanza kunisomea vifurushi, muziki peke yake, muziki na michezo, sijui na vichekesho, nikamwambia dada nitajie bei. Dola 23. Nikasema hapo pagumu, asante, acha tu. Sekunde kumi hazijapita, "ngoja nikuangalizie", ikawa 13. Nikasema bado sitaki. Ikawa 6 kwa mwezi, kwa mwaka mzima! Kifurushi kile kile, chaneli zile zile, gari lile lile, mimi yule yule. Ningesema ndiyo pale mwanzo ningelipa dola 276 kwa mwaka kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa tayari kukiuza 72. Hiyo tofauti ya 204 ni hela ya nani na ni ya kazi gani? Na hiyo 6 yenyewe siyo 6, kuna makato ya mirabaha ya muziki wanayaweka pembeni halafu na kodi, nikauliza jumla ni ngapi akaniambia itaonekana kwenye bili.

Sasa kuna mtu atakuja kuniambia mbona hata Kariakoo tunapunguziana bei. Kariakoo muuzaji na mteja wote wanajua wanapatana, ukishachukua kitenge chako umemaliza, hakuna mfanyabiashara wa Msimbazi atakayekufuata mwakani aingize mkono mfukoni achukue mara nne ya ulicholipa. Hawa ndicho wanachofanya. Kwenye gari yangu ya kwanza nilichukua ofa kama hii, mwaka ukaisha, sikuona barua pepe yoyote ya maana, nikashtukia kadi imekatwa bei kamili wiki ile ile ya kulipa kodi ya nyumba, akaunti ikaenda hasi na benki nayo ikanikata faini yake. Kujiunga nilijiunga kwa kubonyeza mara tatu kwenye simu. Kujitoa ilibidi niongee na binadamu dakika arobaini, na kila nikisema nataka kutoka ananirudishia ofa nyingine, nikawa nasema no no no kama mtoto anayekataa dawa.

Na kinachoniuma zaidi siyo mimi. Mama mkubwa wangu yuko Fort Worth, anafanya kazi ya kulea wazee, anaendesha gari usiku. Baada ya ile simu nikampigia, nikamuuliza mama hiyo redio ya kwenye gari unalipa ngapi, akaenda kutafuta bili akanisomea. Analipa bei kamili, mwaka wa tatu sasa! Nikamuuliza kwanini hukukataa, akanijibu, mwanangu, wale si ni ofisi, wamenitajia bei na mimi nikalipa. Yaani mtu aliyelelewa kwamba ofisi ikikutajia bei ndiyo bei, mtu ambaye Kiingereza cha kubishana kwenye simu hana, huyo ndiye analipa kuliko wote. Mwenye mdomo analipa 6, mpole analipa 23. Nyumbani Tanzania hata daladala ina nauli iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, tajiri na maskini mnapanda mnalipa sawa.

Na msinielewe vibaya, kitu chenyewe ni kizuri, ndo maana nina hasira, kingekuwa kibovu nisingehangaika. Wanaopita I-20 kwenda magharibi wananielewa. Ukishavuka Abilene stesheni za FM zinaanza kupokezana, unashika moja inaanza kukoroma, unatafuta nyingine, na ukishapita Odessa na Pecos mpaka unaungana na I-10 kwenda Van Horn, kuna sehemu bando halisomi kabisa, simu inaandika haina mtandao, na wewe una saa kadhaa mbele yako na usingizi unakunyemelea. Dallas mpaka El Paso ni kama kilomita 1,020, ni Dar mpaka Mbeya halafu bado unaendelea. Pale ndipo ile redio inafanya kazi yake, mawimbi yanatoka juu moja kwa moja kuja kwenye ile antena ya kwenye paa iliyokaa kama pezi la papa, haijali mji uko wapi. Nimesikiliza BBC ya Kiingereza kutoka Weatherford mpaka El Paso bila kugusa kitufe. Inakatika ukiingia chini ya daraja refu au paking ya ghorofa, kwa sababu lazima antena ione anga, mijini wanasaidia na mitambo ya ardhini. Ila Kiswahili sijakutana nacho kwenye chaneli hata moja, hilo nalo mjue kabla hamjatoa hela.

Wakubwa humu watakumbuka WorldSpace, kampuni ya redio ya setilaiti ya Noah Samara mzaliwa wa Ethiopia, setilaiti yao ya AfriStar ilirushwa 1998 kwa ajili ya Afrika kabla hata Wamarekani hawajaanza za kwao. Nilikuwa mdogo, nyumba ya jirani walikuwa nacho kile kiredio, antena yake bapa wameiegemeza dirishani, sauti safi kama mtangazaji yuko sebuleni. Ikafilisika 2008. Ile ilibidi uende dukani ununue redio yake kwa hela nyingi ndo uanze kulipia. Hapa Marekani redio inawekwa ndani ya gari huko huko kiwandani, ukinunua gari umeshainunua utake usitake, kinachobaki ni kukufungulia na kukufungia. Ndo maana wana ubavu wa kucheza na bei.

Serikali nayo ilikuwa imejaribu. FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, walipitisha kanuni Oktoba 2024 kwamba kujitoa kwenye huduma yoyote ya kulipia kila mwezi kuwe rahisi kama kujiunga, nikafurahi sana. Julai 2025, siku chache kabla haijaanza kazi sawasawa, mahakama ya rufaa ikaifuta yote kwa sababu ya utaratibu wa jinsi ilivyopitishwa. Tumerudi pale pale, labda kama jimbo lako lina sheria yake.

Sasa wakuu naombeni msaada wa kweli. Wenye hii kitu andikeni mji mliopo, kifurushi, na jumla inayokatwa kwenye kadi pamoja na mirabaha na kodi, siyo ile bei ya kwenye tangazo. Na kama kuna aliyelipa kwa kadi ya kujaza, ile ya prepaid, aseme ofa ilipoisha ilizima yenyewe au walimtumia deni. Mkinionyesha watu watano wanaolipa jumla chini ya dola 10 kwa mwezi naichukua ya mwaka mmoja, na tarehe ya kuisha naiandika kwa maka pen kwenye dashibodi. Zaidi ya hapo nanunua flashi, najaza mahubiri, taarabu na mechi za zamani, basi.

Jumamosi naenda Fort Worth. Nitakaa pembeni ya mama mkubwa, simu nitaweka spika, na hatutakata mpaka bei yake iwe kama yangu.