Fundi kadai kabadilisha beringi za Subaru kwa kufungua sampo (bakuli la oili chini ya injini) tu. Nimepigwa mchana kweupe!

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka, mnisamehe nikikosea herufi.

Gari ni Impreza WRX STI ya 2004, injini EJ207, lita 2 yenye turbo. Mwezi wa pili natokea Morogoro, nimeshapita Chalinze, nakimbiza kidogo (haya, siyo kidogo), kwenye kona taa ya oili ikawaka, ikazima. Nikapuuza. Nafika Mlandizi nachomoa dipstiki, kavu! Kuanzia hapo injini ikawa inagonga. Ikiwa ya baridi unaisikia kwa mbali, ikipata moto ni ko-ko-ko nzito kutoka chini, hasa mshale wa mizunguko ya injini (rpm) ukigusa elfu 3 halafu unaachia mafuta.

Nikapeleka gereji moja hapa Dar, jina nalihifadhi kwa sasa. Fundi akatega sikio sekunde 5: "Hizo tapeti tu bosi, ondoa shaka." (Tapeti ni vidude vya kusukuma valvu, kwenye hedi.) Akamwaga oili, akaweka 20W-50 na kichupa cha dawa. Kelele ikapoa siku 3, maana oili nzito inaziba tu mdomo wa mgonjwa. Iliporudi ndipo akakumbuka kwamba kumbe ni beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ule mhimili unaozunguka katikati ya injini), lete milioni 1 na laki 8. Nikalipa. Gari nimeiacha asubuhi, saa 11 jioni napigiwa simu: "Bosi njoo uchukue chuma chako." Akanikabidhi bahasha ya kaki yenye beringi za zamani. Vipande 6.

SITA! Injini ya silinda 4 ina konrodi 4, kila konrodi ina vipande 2. Hesabu ya darasa la pili hiyo. Vipande 6 labda vya Vitz ya silinda 3, na mimi kwa ujinga wangu nikampa na hela ya soda.

Ngojeni, hapo bado. Toyota nyingi za silinda 4 unalala chini, unafungua sampo, unafungua kofia za konrodi, umefika. Subaru ni boksa. Pistoni zimelala kushoto na kulia, bloki lenyewe ni nusu mbili zilizoibana krenki katikati. Ili uzione beringi za konrodi, injini lazima ishuke, silinda hedi zifunguliwe, pini za pistoni zivutwe kupitia matundu ya mbele na nyuma ya bloki, ndipo uligawe bloki. Yeye kafungua sampo, kafunga sampo!

Siku 9 baadaye kelele ikarudi na ndugu zake. Fundi wa pili, dogo tu, akaimaliza kesi kwa nusu saa. Injini ikiunguruma akachomoa waya wa injekta moja moja. Silinda ya 1, ya 2, ya 3, kelele ileile. Alipofika ya 4 ikalegea. Tapeti haina tabia hiyo. Kelele inapoa kwa sababu hakuna mlipuko unaoisukuma ile konrodi. Akafunga geji, injini ikiwa ya moto presha ya oili ilikuwa psi 20 kwenye elfu 3, wakati kanuni ya mafundi ni psi 10 kwa kila elfu. Kisha akakata filta ya oili (siyo kwa msumeno jamani, unachanganya vumbi la chuma chako mwenyewe), akaikunjua karatasi: inameta kama rangi ya kucha, na vidonge vyekundu vya shaba. Akapitisha sumaku, vingi havikunata, maana shaba hainati kama chuma. Beringi hizo.

Injini ikashushwa. Gundi ya kiwandani kwenye maungio ya bloki HAIJAGUSWA tangu Japani. Beringi ya 4 imezunguka ndani ya konrodi, krenki imechimbika na kugeuka bluu kwa joto, hata kuchongwa haifai. Unga wake umeshafika kwenye turbo, pampu na kipozea oili. Hicho kipozea dogo kagoma kukirudisha, anasema hakisafishiki, ukikirudisha unaua injini mpya kwa uchafu wa ile ya zamani.

Nimerudi kwa yule wa kwanza. Jibu lake: "Mzee, Subaru ndivyo zilivyo, nunua gari ya familia." Risiti ya EFD (mashine ya kodi) hakutoa, nina meseji ya muamala na ile bahasha yake tu.

Sasa waliowahi kudai gereji wakalipwa, nianzie wapi: polisi, mahakama ya mwanzo au Tume ya Ushindani? Na mwenye krenki safi ya EJ207 anicheki PM, picha za jonali (sehemu za krenki zinapokaa beringi) kwanza ndipo tuongee bei. Wale wa "ungeangalia oili mapema", nimeshakiri hapo juu, pumzikeni.