Papai ukilikata kwa upana unakuta nyota, kwanini?

mla_papai
Wakuu habari za jioni. Siku zote papai napasua kwa urefu kama watu wote, sasa jana nikalikata katikati kama unavyokata kitunguu, mle kwenye mbegu nikakuta nyota ya pembe tano kabisa. Nikasema labda ni hili tu, leo nimekata bamia, tano tena! Tango nikapata tatu. Huu ulinganifu unatoka wapi au mimi ndo nimekosa kazi?

Ticha wa Baiolojia
Kazi umekosa kweli 😂 ila swali zuri. Tunda linatokana na ovari ya ua, na ovari inaundwa na vipande vilivyoungana, papai vitano, tango vitatu. Ndizi nayo vitatu na wala huhitaji kisu, menya halafu bonyeza ncha kwa kidole taratibu, inapasuka yenyewe kwa urefu vipande vitatu. Bamia usiiwekee dhamana, zipo za sita mpaka nane. Ukipata nanasi hesabu mistari ya yale macho inavyozunguka, mara nyingi upande mmoja 8, upande wa pili 13.

kijogoo254
Nanasi lenyewe bei gani siku hizi, tuhesabu mistari 😏

Mtoto wa Pwani
Baharini pia mbona, kiti cha pweza si ana mikono mitano. Lakini mwenzenu namshangaa gayogayo, akiwa mdogo anaogelea wima na macho yake huku moja huku moja kama samaki wote, akikua jicho moja linahama linavuka kichwa linakwenda kukaa na mwenzake, ndo analala ubavu mchangani macho yote yanatazama juu. Ulinganifu alizaliwa nao akauacha.

Bi Doti
Mnahangaika na samaki, angalieni kanga. Pindo pande zote nne, na mji wa hii niliyojifunga ukiikunja katikati ua linaangukia ua. Kinachoharibu ni jina tu, lipo upande mmoja. Ndo maana ukimvalia mtu jina lake limepinduka anakucheka.

mla_papai
Ticha nimejaribu ndizi nne, tatu zimepasuka vipande vitatu safi, ya nne ilikuwa imeiva sana nimepata uji. Bi Doti mke wangu kasoma hapo kacheka, sasa kanga zote ziko kitandani anazikunja.