Duster 340, Nova SS au Maverick Grabber: ipi hasa ilikuwa gari la misuli la mlalahoi?

Bomba_Mbili (mwanzisha mada)
Wakuu, tuzipambanishe hizi tatu za Marekani, matoleo ya 1970 hadi 1972: Plymouth Duster 340, Chevrolet Nova SS ya 350 na Ford Maverick Grabber ya 302 (namba hizo ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo). Plymouth Road Runner nimeiacha makusudi. Kweli ndiyo iliyofungua njia mwaka 1968, injini kubwa kwenye bodi isiyo na madoido, kwa dola 2,896. Lakini 1970 Duster 340 ilianzia dola 2,547, na hapo mtu wa mshahara wa kawaida akaanza kuthubutu. Ipi ilimpa mnunuzi wa siku zile nguvu nyingi kwa hela kidogo, na ipi leo haitamfilisi anayeifufua?

Fundi_Krenki
Kwa siku zile, Duster, tena kwa mbali. Plymouth walikuwa na fungu dogo la kuisafisha sura Valiant, gari lao dogo la kawaida, na hapo ndipo Duster ilipotoka. Pua yote wakaiacha ya Valiant, hela wakaimalizia nyuma: paa la kuteremka na vioo vya madirisha ya pembeni vilivyopinda. Kwenye 340 wakaongeza kile chenye maana tu: breki za diski mbele, difu ya inchi 8¾, na fito za msokoto (vyuma vinavyojisokota kufanya kazi ya springi) za inchi 0.87 mbele badala ya nyembamba. Giaboksi ya kawaida ilikuwa ya gia 3 sakafuni. Aliyetaka gia 4 au otomatiki ya TorqueFlite aliongeza hela.

Injini yenyewe ni V8 ya inchi za ujazo 340, yaani lita 5.6. Kipenyo cha silinda 4.04, mwendo wa pistoni 3.31, krenki ya chuma cha kufuliwa, kabureta ya midomo minne, nguvu-farasi 275 kwa hesabu ya kiwanda. Mwaka wa kwanza Duster zilitoka 217,192, ila za 340 ni 24,817 tu. Zilizobaki ni silinda 6 na 318. Kumbuka hilo ukiona tangazo la "340 ya kiwandani".

Chevy_Damu
Mkuu, "kwa mbali" umetia chumvi. Nova SS ya 1970 ilikuwa na 350 ya nguvu-farasi 300. Na swali la pili umelikimbia. Injini ndogo ya V8 ya Chevrolet ina vipuri kila kona ya Marekani, kuanzia gasketi hadi kichwa kizima cha aluminiamu. Fremu ya mbele ya Nova ni jamii moja na ya Camaro ya 1967 hadi 1969, kwa hiyo mikono, breki na usukani vinapatikana vipya.

Ugonjwa wake uko hapo hapo. Fremu hiyo imefungwa kwenye bodi kwa boliti zenye raba katikati. Raba zikioza, pua inahama, na mwanya kati ya mlango na bawa la mbele unakuwa mpana juu, mwembamba chini. Usikimbilie kurekebisha bawaba. Badilisha raba zote kwa mpigo, lenganisha matundu ya fremu na ya bodi, pima mshazari pande zote mbili, ndipo ukaze.

Fundi_Krenki
Nakubali kuhusu vipuri. Ila Nova ina mtego: namba ya chesisi haikuambii kama ni SS. Ikianza na 114 ni V8, 113 ni silinda 6, basi. Beji za SS zinauzwa madukani. Duster haifichi kitu. Soma kibati juu ya dashibodi upande wa dereva: VS29 ni Duster 340, herufi ya tano H ni injini ya 340, tarakimu ya sita 0 ni 1970. Ikianza VL29, hiyo ni Duster ya kawaida hata kama imechorwa mistari ya 340.

Mtaa_wa_Saba
Maverick mmeisahau, na mna haki. Ilitangazwa Aprili 1969 kwa dola 1,995, bei iliyoishika Marekani masikio. Lakini 302 ilikuja 1971, ya nguvu-farasi 210, na breki za mbele ni za ngoma. Nguzo za shokomzoba zimebana chumba cha injini, kubadilisha plagi za nyuma ni adhabu ya vidole. Uzuri wake ni kwamba 302 ni ile ile ya Mustang.

Bomba_Mbili
Sawa, Maverick tuipumzishe. Kuna anayeuza Duster 340 ya 1972, nguvu-farasi 240. Hapo si imeshahasiwa?

Kipimo_Sahihi
Nusu ya hasara hiyo ni ya karatasi. Hadi 1971 kiwanda kilipima injini ikiwa uchi, bila vifaa vyake na bila mfumo kamili wa ekzosi. Kuanzia 1972 walipima ikiwa imevaa kila kitu. Hasara ya kweli ni mgandamizo kushuka hadi 8.5 kwa 1, na valvu za kuingizia kupungua kutoka inchi 2.02 hadi 1.88. Faida ni kwamba mgandamizo huo unakunywa petroli ya kawaida bila kugonga. Bei ikiwa chini ya ile ya 1970, chukua.

Kabla ya kulipa, lala chini. Chomeka bisibisi kwenye boriti ya chini inayoshika ncha za nyuma za fito za msokoto. Ikizama, ondoka, maana fito hizo ndizo zinazobeba pua yote. Kisha kagua vishikio vya springi za nyuma na sakafu ya buti. Zulia la mbele likiwa na unyevu, maji yanapenya kwenye tundu za hewa chini ya kioo cha mbele.

Halafu umeme. Kwenye gari za Chrysler (kampuni mama ya Plymouth) za enzi hizo mkondo wote wa chaji unapita kwenye soketi ya ukuta wa injini, unaingia ampia-mita, unarudi tena kwa soketi ile ile. Vijiulimi vikishika kutu vinapata moto na plastiki inayeyuka. Tiba: toa hasi ya betri. Nyuma ya dashibodi funga waya mnene mwekundu na mweusi wa ampia-mita kwenye boliti moja, uzungushie utepe. Vuta waya mpya wa geji 8 (kama milimita 8 za mraba) kutoka alteneta hadi boliti ya betri kwenye rilei ya stata, na katikati uweke waya-fyuzi (unaoyeyuka mkondo ukizidi) wa geji 12. Usiuruke huo. Ampia-mita haitasoma tena, weka voltimita.

Chevy_Damu
Na wanaonunua Duster ya 1970 waambie nati za magurudumu ya kushoto zinafunguka kinyume. Boliti ina herufi L kwenye ncha.

Fundi_Krenki
Kweli, wengi wamezikata kwa mashine ya upepo.

La mwisho kwa anayetazama 1973 na 1974. 340 ya 1973 ina krenki ya kusubu, na 1974 nafasi yake ilichukuliwa na 360. Hizo mbili zimesawazishwa kwa uzito wa nje: puli ya mbele na konveta (ya giaboksi ya otomatiki) zake zina uzito wa makusudi. Ukifunga puli au konveta ya 340 ya zamani kwenye 360, injini itatetemeka hadi uanze kulaumu mauntingi. Angalia ubavu wa kushoto wa bloku, ujazo umesubiwa pale: 318, 340 au 360.