Mbegu moja ya mpunga ya kuhimili kimyanga: tuipande bonde zima la Usangu?

Mwanzisha mada, Igurusi
Ndugu wakulima, kwenye kikao cha skimu yetu ya umwagiliaji limetolewa pendekezo tuache mbegu zetu za mpunga, Supa na Saro 5, wote tupande mbegu moja tu isiyoshikwa na kimyanga, ule ugonjwa wa kirusi unaogeuza mpunga njano. Hiyo "moja tu" naipinga. Msimu uliopita jaruba langu la kando ya mfereji liligeuka njano lote, miche ikadumaa, masuke yakatoka nusu, ukiyapuliza ni mapepe. Kwa hiyo hamu ya mbegu ngumu ninayo.

Lakini tumjue adui. Kirusi hiki kilionekana kwanza Kenya, upande wa Kisumu, mwaka 1966. Maandishi yake ya urithi ni herufi kama 4,450 tu, na kinapojinakili hakuna wa kusahihisha makosa. Makosa mengi hukidhuru chenyewe. Moja moja hukifungulia mlango. Mpunga uitwao Gigante, wa Msumbiji, unahimili kwa sababu protini yake ambayo kirusi hujishikiza imebadilika sehemu moja. Watafiti walipouambukiza, baadhi ya virusi navyo vilibadilika nafasi ya 48 ya protini yao iitwayo VPg, vikaushika tena. Tukijaza bonde zima uzao wa mpunga huo, kirusi chenye kosa hilo kitakuwa kimeandaliwa karamu.

Mama wa Ubaruku
Kaka, nimekuelewa, ila ada inadaiwa mwaka huu. Mbegu ikinivusha misimu minne tu, watoto wamesoma. Kirusi kikija kubadilika, watafiti si wapo?

Mwanzisha mada
Dada yangu, hoja ya ada ni nzito na sina la kuibeza. Panda. Ila kuzalisha mbegu mpya huchukua miaka, na kirusi hakisubiri. Tena kimyanga hakirithiwi kwenye mbegu: kinabebwa na mbawakawa, na mundu, na mikono yetu tunapong'oa miche, kisha kinajificha kwenye maotea, yaani mpunga unaochipua upya baada ya kuvuna, na kwenye mpunga pori. Huko ndiko kinakopata muda wa kujaribu makosa yake. Kwa hiyo tuyaondoe maotea mapema kwa jembe, vitalu vikae mbali na majaruba ya zamani, na mbegu ngumu zichanganywe zenye kinga tofauti. Na ukiona shina la njano ndani ya mbegu isiyoshikwa, usilipite. Ling'oe, mwite bwana shamba siku hiyohiyo, maana hicho huenda ndicho kirusi kilichokwisha kujifunza.